Ule Ubao wa Kutambua Dume na Jike Si Wangu

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi, redio na picha ya pamoja. Kwa blanketi nawashukuru sana. Kirua Vunjo, kwetu mlimani, baridi ya mwezi wa saba haina mchezo. Redio nayo inasikika vizuri. Lakini mlifanya na jambo jingine ambalo hamkuniuliza. Mlipigilia ukutani, juu ya mabeseni, ubao mweupe wenye maneno makubwa ya bluu: NJIA YA MZEE ALOISI YA KUTAMBUA DUME NA JIKE. Nilisimama nikasema njia ile si yangu. Mkacheka, mkapiga makofi, mkadhani ni unyenyekevu wa mzee. Bwana Nasoro, mkuu wa kituo chetu cha samaki, akainama akaniambia sikioni, "Mzee, rangi imeshakauka. Kula wali."

Nikala wali. Sasa naandika.

Mliniomba niwaachie kumbukumbu za kazi, ninyi mtakaobaki na mabeseni. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini akafungue faili, limo kabatini. Hapa nitaeleza habari za samaki, za chekeche nililolitengeneza kwa mikono yangu, na za mwanamke mmoja wa Machame. Mkimaliza kusoma mtajua ni jina la nani lilistahili kuandikwa pale ukutani. Na msiniambie hayo ni ya zamani. Ubao ni wa juzi.

Niliingia kazini enzi za ruksa, biashara zilipolegezwa na kila mwenye ndugu nje ya nchi akaagiza kitu. Wengine walileta mitumba, wengine redio. Bwana Sefu, baba yake Nasoro, alileta samaki wasiofika urefu wa kidole. Yeye alikuwa mtu wa Moshi mjini, lakini mama yake alikuwa wa Ujiji, na wajomba zake waliwajua samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika ambao Wazungu huwafuga ndani ya vioo sebuleni. Akakodi ghala kuukuu nyuma ya stesheni, akajenga mahodhi ya saruji, akatafuta watu.

Usaili wangu ulikuwa mfupi.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Baiolojia ulifaulu?"

"Nilifaulu."

"Unaogopa maji?"

"Kwetu mfereji unapita nyuma ya nyumba, bwana."

"Maji ya mfereji wenu ni ya baridi. Haya ni ya vuguvugu. Vua viatu."

Jioni nikapanda nyumbani kumwambia mama kwamba nimepata kazi ya samaki. Akafurahi, akauliza nitaleta wangapi kwa wiki. Nikamweleza kwamba si wa kula, ni wa kuangalia.

"Wa kuangalia mpaka lini?"

"Siku zote, mama."

"Basi ada ya shule tumeitupa," akasema, akaendelea kumenya ndizi. Mpaka anafariki aliwaambia majirani kwamba nafanya kazi stesheni.

Samaki wale wanaishi ndani ya makombe ya konokono. Kila mmoja hujichagulia kombe lake, hulifukia kwenye mchanga mpaka ubaki mlango tu, na akiona kivuli huingia kinyumenyume kama mtu aliyesahau kitu ndani. Wajomba wa Ujiji walituma makombe kwa magunia, yakaja kwa treni mpaka Morogoro na kwa basi mpaka Moshi, yakinuka gari zima. Kwa sababu ya makombe hayo tukawaita samaki wale wapangaji. Dume aliyekomaa hutawala sehemu ya hodhi yenye makombe kadhaa na hukaribisha majike wayakae. Huyo tukamwita mwenye nyumba. Majina hayo tuliyatunga wenyewe hapo ghalani, msiyatafute kwenye vitabu.

Wateja waliagiza kwa mafungu: dume mmoja na majike wawili. Hapo ndipo kazi yetu ilipokuwa. Ukikosea ukaweka madume wawili kwenye chombo kidogo, mmoja atamng'ata mwenzake mapezi mpaka afe, naye mteja atakuwa amenunua maiti na muuaji. Na samaki husafirishwa wakiwa wachanga, wa miezi mitano hivi, kwa sababu wakubwa hawavumilii mfuko. Samaki mchanga wa miezi mitano, dume kwa jike, wote ni wa kijivu, wote wana doa jeusi shavuni kama jicho la pili. Nilimuuliza Bwana Sefu kule ziwani wanawatambuaje wachanga. Akasema, "Kule hawawatambui. Wanasubiri wakue." Halafu akaniangalia, maana yeye hakuweza kusubiri.

Basi nikabuni.

Kabla ya hapo nilikuwa nimebeba magunia msimu mmoja kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, na jambo lililonivutia kuliko yote lilikuwa machekeche. Kahawa inamwagwa juu, chekeche linatikisika, punje kubwa zinabaki, ndogo zinapita. Hakuna ubishi. Nilijua kwamba katika samaki wetu dume hukua kuliko jike. Mpangaji mzee akiwa dume ni karibu mara moja na nusu ya mkewe. Nikachonga fito za mwanzi, nikazipiga msasa hadi zikateleza, nikazipanga kwenye fremu, nafasi kati ya fito na fito ikiwa sawa na upana wa penseli. Unalitumbukiza chekeche ndani ya maji, unawaswaga samaki taratibu. Waliopita ni majike, waliobaki ni madume. Kazi ya siku nzima ikawa ya saa moja. Bwana Sefu aliita watu waje kuona. Nililipaka chekeche vanishi. Nadhani hiyo vanishi ndiyo iliyoniziba macho.

Miaka ikapita tukituma samaki, na malalamiko yalikuwepo ila machache. Mteja akisema ameletewa madume wawili tulijibu kwamba njiani ni mbali na mambo hutokea. Sijui tulidhani jinsia hubadilika angani.

Kisha kahawa ikaanguka. Mnajua wenyewe, au wazazi wenu wanajua: watu walikata mibuni wakapanda nyanya na maharage, na kiwandani wakapunguza wanawake waliokuwa wakichambua kahawa kwa mikono. Bwana Sefu akawachukua watatu. Mmoja wao alikuwa Mama Aika, wa Machame, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mstari wa mbele wa kwaya, aliyekaa kwenye meza ya kuchambulia miaka kumi na minane. Mimi na yeye hatukuelewana Kichagga, maana cha Vunjo na cha Machame ni mbalimbali, kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili na ghala zima likafaidi.

Siku ya kwanza alisogeza beseni hadi dirisha la mashariki, akatandika kitambaa cheupe chini yake, akakaa akiwaangalia samaki asubuhi nzima bila kufanya kitu.

"Mama, hapa hatulipwi kuangalia," nikamwambia.

"Samaki wenyewe si wa kuangalia? Naanza mimi."

Nikamletea chekeche. Akaligeuza, akalisifu kwa ufundi, akaona linavyofanya kazi, akatikisa kichwa.

"Ninyi wa Vunjo, hata mchumba mnampitisha kwenye chekeche?"

"Na ninyi wa Machame mnampimaje?"

"Tunamtazama anavyoingia kwenye nyumba ya watu."

Wenzake walicheka hadi mmoja akadondosha wavu. Mimi sikucheka. Akaweka chekeche chini akaniambia kwa upole, na maneno hayo nayakumbuka yote: "Baba, pale kiwandani chekeche lilitangulia, halafu kahawa ikaja mezani kwetu. Unadhani walituweka pale tuwe mapambo? Chekeche linajua ukubwa tu. Punje kubwa nzuri na punje kubwa iliyooza zinabaki juu pamoja, na ndogo vilevile zinapita pamoja."

"Samaki si kahawa, mama."

"Basi mbona unawachekecha?"

Mtu aliyeshindwa hoja mbele ya wanawake watatu huwa mkali. Nikamwambia arudi kwenye kufunga mifuko.

Alifunga mifuko, lakini macho yake hakuyafunga. Baada ya miezi miwili hivi akaniita kwenye hodhi la tatu, alipokaa mwenye nyumba mmoja mzee mwenye hasira. Mama Aika alikuwa amemweka samaki mchanga ndani ya chupa ya jamu iliyojaa maji. Akaishusha chupa mchangani, karibu na makombe. Mwenye nyumba akaja mbio, akatanua mashavu, akasimamisha mapezi, akaigonga chupa kwa mdomo mpaka tukasikia. Mama Aika akaitoa, akaweka nyingine yenye samaki wa ukubwa uleule. Mwenye nyumba akaja mbio vilevile, akasimama. Akatetemesha mwili, akageuka, akaelekea kwenye kombe lililo wazi, akarudi, akaelekea tena.

"Huyu anaonyeshwa chumba," akasema Mama Aika. "Yule wa kwanza alikuwa anafukuzwa. Sasa niambie, wote wawili wametoka wapi?"

Walikuwa wametoka kwenye hodhi la majike. Yaani wote walikuwa wamepita kwenye chekeche langu.

"Wewe unaziuliza fito," akasema. "Muulize mwenye nyumba. Yeye ndiye anayejua nani ni mpinzani wake."

Nikamjibu kwamba mwenye nyumba ni mkorofi tu. Akasema sawa, tujaribu kwa njia yako ya shule. Akachukua wapangaji kumi na wawili kutoka hodhi la majike, akawaweka kila mmoja kwenye chupa yake yenye mchanga na kombe, akazipanga dirishani na kuweka vipande vya boksi katikati wasionane. Alivyoeleza ni hivi: dume mdogo akiishi na dume mkubwa hujizuia kukua, hujifanya mdogo, hujikunja, apate kuachwa. Hapo chekeche linampitisha na sisi tunamwita jike. Mtenge peke yake wiki tatu, pasipo wa kumtisha, atakua na pezi lake la mgongoni litajisema lenyewe. Jike ukingo wa pezi lile ni mweupe kama uzi. Dume una unjano, kama chai ya maziwa iliyozidi majani.

"Wiki tatu," akasema. "Nikikosea nitalipiga chekeche lako vanishi upya."

Kabla wiki ya kwanza haijaisha likaja agizo kubwa kuliko yote tuliyowahi kupata, la mteja mpya wa Ulaya, kwa ndege ya Ijumaa. Mama Aika aliniomba tumsihi mteja asubiri wiki mbili, tupate jibu la zile chupa. Kama si hivyo, basi tuwapitishe wote kwa mwenye nyumba, hata kama tutafanya kazi siku nne mfululizo. Nilikataa. Nilisema mimi ndiye msimamizi. Nikawachekecha wote mwenyewe, Alhamisi asubuhi, kwa saa moja na nusu, nikipiga mluzi.

Hapa lazima nieleze vikaratasi. Kule kiwandani kila mchambuaji alikuwa na nambari, na karatasi yenye nambari yake iliwekwa ndani ya gunia alilolichambua, ili kahawa mbaya ikionekana mbele ajulikane aliyeiachia. Utaratibu huo niliupenda nikauleta kwetu. Kila boksi la samaki likawa na kikaratasi: ALIYECHAMBUA, halafu nambari. Lakini siku ile nilichambua mimi, na msimamizi hakuwa na nambari. Mama Aika ndiye aliyefunga. Akauliza aandike nini.

"Andika yako," nikamwambia. "Ni utaratibu tu."

Akaandika nne, kwenye kila boksi. Nambari yake ilikuwa nne.

Baada ya wiki moja ikaja faksi, na baada ya faksi ikaja bahasha. Majike kwa sehemu kubwa walikuwa madume. Walikuwa wameuana kwenye vioo vya maduka, mbele ya wanunuzi. Mteja alivunja mkataba, na ndani ya bahasha akarudisha vikaratasi. Bwana Sefu alitusimamisha sote kati ya mahodhi, akaviinua juu.

"Nambari nne ni nani?"

"Ni mimi," akasema Mama Aika.

"Ulichambua wewe?"

"Nilifunga mimi. Habari ya kuchambua, muulize Aloisi."

Bwana Sefu akanigeukia. Hakuwa mtu mbaya. Kama ningemwambia angenipigia kelele, labda angeninyang'anya usimamizi, na baada ya mwezi tungecheka. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, lakini msije mkaniombea radhi kwa ajili ya watoto. Mama Aika naye alikuwa na wanne na mume aliyelala ndani akiumwa mgongo. Nilikuwa na nafasi ya kusema, muda ulikuwepo wa kutosha, pampu ya hewa ilikuwa inaguruma na kila mtu alikuwa ananisubiri.

Nikasema, "Karatasi inasema nne."

Maneno matatu. Nimefanya kazi miaka zaidi ya thelathini, nimezungumza na wateja, na maofisa, na madereva, lakini nikijumlisha yote niliyowahi kusema pale ghalani, hayo matatu ndiyo yaliyofanya kazi kubwa zaidi.

Bwana Sefu alimfukuza Mama Aika palepale, naye hakulia wala hakupiga kelele, na sisi tuliomsikia akiimba tunajua angeweza. Alivua aproni, akanawa mikono kwa sabuni, akajifuta. Alipofika mlangoni akageuka.

"Wale kumi na wawili wa dirishani usiwasahau. Jumatano ni siku ya kuwabadilishia maji."

Jumatano niliwabadilishia maji. Ilikuwa imetimia wiki ya tatu. Nikatandika kitambaa chake cheupe, nikaweka chupa moja moja kwenye mwanga wa dirisha la mashariki. Tisa walikuwa na ukingo wa unjano. Kama chai ya maziwa iliyozidi majani.

Kuanzia siku ile sikulitumia tena chekeche kutambua dume na jike. Nilianza kumuuliza mwenye nyumba. Na kwa kuwa haya ni maandishi ya kazi, nitayasema sawasawa, maana kwenye ubao wenu mlikosea mara mbili. Kwanza, mwenye nyumba asiwe amelishwa muda mfupi uliopita, aliyeshiba hupuuza. Mpe muda. Pili, chupa isafishwe kwa maji ya hodhi bila sabuni, na ishushwe mchangani polepole, isitumbukizwe kutoka juu, la sivyo ataikimbia chupa na wewe utaandika upuuzi. Anayegongwa mtenge. Anayeonyeshwa chumba mwandike kwa penseli tu. Halafu subiri asubuhi, dirisha la mashariki, kitambaa cheupe, uangalie ukingo wa pezi. Mambo mawili yakikubaliana ndipo uandike kwa wino. Yasipokubaliana, mweke peke yake wiki tatu. Mwezi wa saba ongeza wiki moja, kwa sababu baridi huwachelewesha na umeme ukikatika hawatoki hata kula. Wale mnaosema siku hizi kuna hadubini, leteni. Kwa wapangaji wa miezi mitano nimeona hadubini ikisema jike na mwenye nyumba akisema dume, na kila mara aliyesema kweli ni yule mwenye mapezi.

Malalamiko yakaisha. Wateja wakarudi, na wengine wakaja kutoka mbali kujifunza. Bwana Sefu alinisimamisha mbele yao akasema, "Njia hii ameigundua Aloisi wetu." Mara ya kwanza nilikohoa. Mara ya pili nilitabasamu. Mara ya tatu nilieleza mwenyewe jinsi nilivyoigundua, na nikaongeza kichekesho. Uongo kama huo huuongezi wote siku moja. Unauongeza kidogo kidogo kama chumvi, hadi chakula kinakuwa chako.

Miaka mitano baadaye nilipanda Machame. Nilikata ncha ya sale uani kwetu. Ninyi vijana wa mjini mnalijua sale kama ua la mpakani, lakini huku mlimani anayekuja na sale mkononi amekuja kuomba msamaha, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Nilikuwa nalitegemea hilo. Nilimkuta Mama Aika akimkatia ng'ombe majani ya mgomba. Nikamwamkia, nikamnyooshea sale.

Akafuta panga kwanza.

"Hili umeniletea mimi, au umeuletea usingizi wako?"

"Vyote viwili."

"Angalau safari hii husemi karatasi ndiyo inayosema." Akalipokea. "Sale sikatai. Limeisha, mimi na wewe. Lakini mimi sikufukuzwa hapa uani, Aloisi. Nilifukuzwa mbele ya watu, kati ya mahodhi. Huko nako utapeleka sale lini?"

"Nitasema."

"Lini?"

"Jumatatu."

Akanipa maziwa, tukanywa, akauliza habari za mwenye nyumba wa hodhi la tatu. Nikamwambia alikufa uzeeni. Akasikitika kweli. Wakati naondoka nilimwona akilichomeka lile sale kwenye ua wake.

Jumatatu nikaingia ofisini kwa Bwana Sefu nikazungumza habari za mabomba. Jumatatu iliyofuata alikuwa na wageni. Kisha mwaka ukaisha, kisha mingine. Bwana Sefu alipofariki nilibeba jeneza, nililia, na katikati ya kilio nilihisi nafuu, kwa kuwa yule niliyepaswa kumwambia alikuwa hayupo. Hiyo nafuu ndiyo ninayoionea aibu kuliko hata yale maneno matatu. Maneno yalinitoka kwa hofu. Nafuu niliihisi nikiwa nimetulia kabisa.

Basi mkanistaafisha, mkanipikia wali, mkapigilia ubao. Niliposema si yangu mkapiga makofi. Wiki iliyofuata nikapanda Machame tena, bila sale. Ua wa Mama Aika siku hizi una masale marefu kunipita. Nikamweleza habari ya ubao.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa rangi ya bluu?"

"Ya bluu."

"Na wewe umekuja nikusaidie kulia?"

"Nimekuja kukuchukua."

Wengine mlikuwapo Ijumaa ile. Ambao zamu yenu haikuwa, ndivyo ilivyokuwa. Tuliingia saa tatu asubuhi, mimi na brashi na kopo la rangi, yeye na mkoba wake wa kanisani. Bwana Nasoro alitoka ofisini.

"Shikamoo mama. Mzee, nilidhani tulishayamaliza haya."

"Wewe umeyamaliza," nikamwambia. "Mimi ndiyo naanza."

"Ubao ni mali ya kituo."

"Uongo ulioandikwa ni mali yangu. Nauchukua." Nikaanza kuwaeleza wote waliokuwapo, kwa sauti, kati ya mahodhi, habari yote niliyoiandika hapa, hadi yale maneno matatu. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mama Aika hakungoja nimalize. Aliupita ubao bila kuutazama, akaenda kwenye beseni lililoandikwa MAJIKE kwa wino, akavaa miwani, akainama.

"Huyu wa pembeni ni dume."

Rehema, mnamfahamu, hakubali kushindwa ovyo. "Bibi, huyo nimempima mwenyewe. Mwenye nyumba hakumgonga hata mara moja."

"Mwenye nyumba alikuwa amekula?"

Rehema akageuka kulitazama kopo la chakula.

"Leta chupa."

Wakaleta. Saa ilikuwa kabla ya kulisha. Chupa ikashuka mchangani polepole, mwenye nyumba akaja, akatanua mashavu, akaigonga mara nne. Mama Aika akavua miwani akairudisha mkobani, kama mtu aliyetoka likizo fupi. Bwana Nasoro aliutazama ubao, akamtazama Mama Aika, akaniletea ngazi yeye mwenyewe.

Kuyafunika maandishi yale kulihitaji kupaka rangi mara mbili. Sasa ubao una jina lake, MAMA AIKA, na chini yake zile hatua, zikiwa zimesahihishwa.

Limebaki jambo moja. Vile vikaratasi vilivyorudishwa kwenye bahasha nilivitunza vyote, ndani ya daftari langu la baiolojia. Siku ile nilimpa Mama Aika. Akavihesabu kwa kidole, akanirudishia kimoja na kalamu. Nikafuta nne. Nikaandika jina langu.

Kiko pale ghalani, kimefungwa kwenye lile chekeche langu lililotundikwa msumarini. ALIYECHAMBUA: ALOISI. Msije mkanionea huruma mkakitoa. Nakuja mjini kila mwisho wa mwezi kuchukua pensheni, na kabla ya dirisha la pensheni nitapitia hapo ghalani kuangalia kama bado kipo.